Turubai Juu ya Mabeseni

Nyumba ya tatu, nyuma ya kiwanda cha vitambaa,
Jumatano, tarehe 9

Mpendwa Shangazi,

Na ndiyo, mume wangu bado ananiita malkia wake! Ulisema yataisha wiki ya pili, na hii ni ya saba tangu harusi. U hali gani lakini? Goti limepoa? Sisi miili ni mizima, namshukuru Mungu.

Uliniuliza kazi yake hasa ni ipi. Ungemwona, Shangazi, ungempenda upya! Maji machafu ya rangi yakitoka kiwandani huyaingiza kwenye mabeseni mapana ya saruji, juani, akatia unga mweupe. Jua likiupiga ule unga, unaamka na kuitafuna sumu kidogo kidogo mpaka jioni. Rangi huondoka mapema, saa sita hivi. Sumu hubaki nyuma, wala huioni kwa macho. Ndiyo maana lazima apime kabla ya kufungua bomba la kwenda mferejini.

Ijumaa nilimpelekea chakula cha mchana. Nilimkuta jasho linamtiririka, moyo ukaniuma. Nikavuta turubai, nikalifunga juu ya mabeseni ili tupate kivuli. Akacheka, "Malkia, utanifukuzisha kazi wewe." Lakini hakulitoa. Tulikula, tukapiga soga, mkono wangu mkononi mwake, mpaka saa kumi. Unga ulikuwa umetuama, maji maangavu kama ya kunywa. Hakupima. Alifungua, tukarudi nyumbani tumeongozana.

Jirani yetu dobi husuuza nguo kwenye mfereji uleule. Jumamosi mikono yake ilivimba, Jumapili ngozi ikaanza kuchubuka. Wakamlaza hospitalini. Msimamizi wa kiwanda akatangaza getini kwamba ni sabuni: "Mama yule anajichanganyia madawa yake, si mnamjua?" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, Shangazi. Halafu nikaingia ndani nikalia.

Daktari naye akawa anamtibu madhara ya sabuni, na hali inazidi kuwa mbaya.

Jana mume wangu aliniambia, "Wewe nyamaza. Bomba nilifungua mimi."

Nikamjibu, "Na turubai lilifungwa na nani, jini?"

Leo asubuhi tumekwenda wodini wote wawili, tukamweleza daktari kila kitu. Aliandika bila kututazama, akaagiza dawa zibadilishwe. Dobi alikuwa macho. Aliuliza jambo moja tu: "Mikono hii itashika nguo tena?"

Kutoka pale, mume wangu alinyoosha moja kwa moja kwa msimamizi kukiri. Sasa ni saa tisa, hajarudi. Nampenda kuliko siku ile ya harusi, na ninaogopa wasije wakamkamata; kila nikisikia hatua nje nakimbilia mlangoni.

Nisalimie bibi, kaka mkubwa na mkewe. Mungu akukinge na kila baya. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuja kukuona, Shangazi. Wakimwachia, tutakuja wawili.

Ni mimi mwanao, nikupendaye bila kipimo,
Bibi harusi wako