Diski Iliyoanikwa na Sambaza

Kamembe, Jumanne

Kilichoniudhi zaidi ni ile furaha yake.

Nilimwambia Maman Béatrice nitapita kwake Gihundwe kuangalia diski ya rumba ambayo marehemu bwana yake aliimba Bukavu, enzi za ujana wao. Wazungu wanaokusanya diski za zamani wanaitafuta sana. Basi yeye, kwa heshima ya mgeni, akaiosha na sabuni ya unga, kisha akaianika juu ya bati, pembeni ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Jua likaikunja kama chapati.

"Papa Déo, niliisafisha bien. Unaona vile inang'aa?"

Ningeweza kunyamaza. Nilimwambia batu benye akili hawaaniki diski. Nikaongeza kwamba sauti ya bwana yake ilikuwa humo, na sasa haiko tena popote duniani.

"Haiwezi kuimba hata kidogo?"

"Hata kidogo, Maman."

Akafunika uso na kitenge. Nilimaliza chai yangu kwanza, ilikuwa na maziwa mengi, ndipo nikatafuta pikipiki.

Nakala ya pili ya diski hiyo ninayo mimi, chini ya kitanda. Nilitaka kununua ya kwake niivunje, ili zisibaki mbili na yangu ipande bei. Sasa imebaki moja, bila kulipa kitu. Wasiwasi wangu ni panya tu, wanapenda jalada.

Sasa hivi ameniandikia kwenye simu. Anauliza kama naukumbuka ule wimbo, nimwimbie kidogo.

Nimejibu kwamba niliusahau zamani. Kisha nikavua viatu, nikauimba wote.