Nimlaze Mama Kwenye Hoteli Alikokuwa Akifua Shuka?

Shangazi mpendwa, shikamoo. Nisaidie, maana kichwa kimenijaa na mume wangu amechoka kunisikiliza. Mimi ni fundi wa kushona sare za shule. Mwezi ujao nampeleka mama mjini kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, tutakaa siku nne, na nimeshikwa na wazo la kumlaza kwenye ile hoteli kubwa ya zamani yenye ngazi za marumaru, kwa sababu mama alifua na kupiga pasi shuka za pale miaka ishirini na sita na siku zote aliingia kwa mlango wa nyuma, nami tangu utotoni nilijiapiza kwamba ipo siku ataingia kwa mlango wa mbele kama mgeni. Sasa nimepiga simu, nimeambiwa kwa upole kabisa kwamba vyumba vilivyobaki viko ghorofa ya tatu, lifti yao ya kale inaishia ya pili, bafu ni la kuvuka ukingo mrefu, Jumamosi kuna harusi ukumbini, na hospitali tunayotakiwa kufika saa moja asubuhi iko upande wa pili wa mji. Kaka anasema tulale nyumba ya wageni inayotazamana na hospitali, basi. Nikamwambia mama habari ya hoteli nikitegemea atalia kwa furaha, akaendelea kukunja nguo zake, halafu akasema, "Sawa mwanangu. Ila kitanda nitatandika mwenyewe, nisiwape kazi wenzangu." Sasa sijui amefurahi au amekataa, nikiamka naitaka hoteli, nikikaa kwenye cherehani naona kaka anasema kweli, nimeshona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja kwa mawazo haya. Nifanyeje?

Fundi Sare

*

Marahaba, Fundi. Pole, na hongera kwa kumpenda mama yako. Lakini wewe humkatii mtu nguo kabla ya kumpima, sasa mbona hili umelikata kwa macho?

Hoteli si mbaya. Inamfaa mtu aliyekuja mjini kutembea, mwenye magoti mazima, anayependa milango ya mbao na hadithi za kale kiasi cha kusamehe lifti. Mama yako atakuwa amefungwa jicho. Umpandishe ngazi, umvushe ukingo wa bafu, halafu alale ngoma za harusi zikipigwa chini yake? Acha masihara. Kaka yako yuko sahihi, hata kama hana maneno mengi.

Kilichonigusa ni hilo neno "wenzangu". Wewe unaiona hoteli ile kama mahali mama alipodharauliwa. Yeye anawaona watu aliofanya nao kazi. Huenda mlango wa mbele ni kidonda chako, si chake. Mimi sijui, na wewe hujui, kwa sababu ulimtangazia, hukumuuliza.

Shika chumba cha chini pale karibu na hospitali. Daktari akishamruhusu, mpeleke hotelini mchana mkanywe chai, kama atapenda, aingie kwa mlango anaoutaka. Akichagua wa nyuma akawasalimie waliobaki kwenye pasi, mfuate, na usianze kulia mbele yao.

Lakini kwanza mwendee leo. Muulize, "Mama, wewe unataka kulala wapi?" Halafu nyamaza, hata akikawia kujibu. Amekuitikia "sawa mwanangu" maisha yako yote. Safari hii mwache aseme lake.