Wimbo Aliouimba Munira Ruangwa

Mnero, Nachingwea
19 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Nurdini,

Shikamoo. Habari za Bukoba na baridi yake? Kifua kimepoa au bado kinakusumbua? Mama Saburi na watoto hawajambo? Sisi huku miili mizima, ufuta tumeshamaliza kuukung'uta. Ila roho, Mjomba, roho zimetutoka.

Ningekupigia simu, lakini hili si la kusemwa huku majirani wametega masikio. Barua hii nimempa mwalimu Ladislaus, anakuja likizo kwao huko. Keti kwanza.

Ni mdogo wangu Munira. Ulimchukua kwa mama akiwa mdogo, ukamlea Dar kabla hujahamia huko. Alianzia kaswida madrasa, akaingia bendi za hoteli, na leo ndiye Munira Marangi anayejaza viwanja. Nywele kijani huku, zambarau kule, gauni la vioo vioo. Gitaa lake linalia kama limetumbukia kisimani. Anaimba samaki wanaopaa angani na mbuzi anayeota ndoto, na vijana wanatoa machozi! Mimi sielewi kitu, ila sokoni nilikuwa naringa naye, sikufichi.

Jumamosi akaja kuimba Ruangwa. Mama hajawahi kumwona jukwaani, tukamweka mbele kwenye kiti na kanga yake mpya. Jua bado kali, uwanja umefurika wanaume, walimu, wanunuzi wa ufuta. Tukacheka, mama akatikisa mabega. Halafu ngoma zikashuka, Munira akafumba macho, akaanza wimbo wa mwisho.

Yarabi, Mjomba! Wimbo wa unyago! Ule wa ndani kabisa, ambao hata sisi tuliochezwa hatuunong'oni mwanamume akiwa karibu. Maneno yake siandiki, mkono utanikauka. Wanawake wote tuliinuka, mikono mdomoni. Wanaume wanapiga makofi, hawajui hata wanashangilia nini. Na anayeimba ni mtoto wa kungwi!

Mama akapanda jukwaani. Nikajua leo anamzaba kofi mbele za watu. Hakumpiga. Alivua kanga ya begani akamfunika kichwa chote, marangi yote yakapotea, akamshika mkono wakashuka.

Nyumbani mama akafunga mlango, Munira akabaki barazani. Asubuhi wakaja makungwi wenzake wa Matambarale, wamenuna. Wanataka mama avuliwe ukungwi, na mtoto asikanyage tena hapa. Wakamuuliza Munira nani kamfundisha. Akawashangaa. "Si wimbo wa kunibembelezea huo? Mama alikuwa ananiimbia niko mgongoni."

Nikamsikia mama analia ndani, akatusimulia kupitia dirishani. Kumbe Munira alipokuwa mchanga alikuwa mgonjwa mgonjwa, mama hana wa kumwachia, akawa anaingia naye kumbini, wanakochezewa wali, amembeba. Akakulia kwako, hakuchezwa, hakuna aliyemkataza. Kilichobaki kichwani ni sauti ya mama yake tu. Iliniuma sana.

Makungwi wakateta, wakaamua: mama atasamehewa Munira akichezwa, pamoja na vibinti vya mwaka huu! Mtu mzima, picha zake zimejaa mabango! Na mwali lazima anyolewe kichwa. Bendi imerudi Dar bila yeye, meneja anapiga simu kama kichaa, maana nywele zile ndizo jina lenyewe. Nikamwambia afikirie. Akasema, "Nywele zitaota, dada. Mama mwingine nitamtoa wapi?"

Lakini mwali haingii bila neno la mjomba, unajua mwenyewe. Na ni wewe uliyesema mwaka ule, unyago baadaye, huyu atasoma kwanza. Basi amesoma, ameimba, amerudi. Wembe umeshanunuliwa. Mama hali, halali, anakungoja wewe.

Nisalimie Saburi na mama yake. Bakary wa Mbwemkuru anakusalimu, anasema ufuta wako anaokulimia umetoka vizuri. Mungu akuondolee kikohozi, akuzidishie umri na busara, maana leo tunaihitaji.

Munira naye anakuamkia. Yuko barazani anachambua mchicha, na mama anampitishia chakula dirishani. Mlango haufunguliwi mpaka ujibu.

Wako akupendaye, mpwa wako,
Asmaa