Isale Nililompelekea Dokta Neema

Alhamisi, Kilema. Mvua inanyesha tangu asubuhi na mlima umejifunika, hauonekani kabisa. Afadhali. Leo sitaki kutazamana na chochote.

Kama umezoea kuja hapa bloguni kwa ajili ya mapishi ya mtori na kiburu, leo jikoni hakuna kitu. Leo nakiri.

Jumatatu niliandika humu kwamba daktari mmoja wa emejensi kule mjini alimtukana baba yangu. Nikamtaja jina, Dokta Neema. Nikaandika kuwa alituambia, "Mzee wenu ameshakula chumvi nyingi, mrudisheni akafie nyumbani." Nikaongezea kwamba hawa ndio madaktari wa kuletwa, wasiojua heshima za kwetu. Andiko lile limezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka Holili. Limesomwa kuliko mapishi yangu yote tangu nianze blogu hii. Na nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilikaa kando ya kitanda cha baba wodini nikifungua simu kila mara kusoma maoni ya watu waliokuwa wakimlaani yule binti.

Hakusema vile. Nilitunga.

Kilichotokea ni hiki. Jumapili tulipotoka misa, baba alikaa ghafla kwenye ngazi za kanisa, mkono kifuani. Tukampakia kwenye gari la jirani, nami nikapiga kelele njia nzima kana kwamba kelele ndizo zinazoendesha gari. Dokta Neema alitupokea mwenyewe. Binti mdogo tu, ana miwani, sauti ya chini. Alianza kwa kumwamkia baba, "Shikamoo baba," na baba akaitikia marahaba huku anahema. Akampima presha, akambandika vile vidude vya moyo kifuani, akamwekea hewa puani. Akaniambia baba yuko salama kwa sasa, na kwamba yeye atarudi kumwona baada ya muda mfupi.

Hapo akaingia mama mmoja amebeba mtoto aliyelegea. Daktari akageuka kumfuata.

Mimi niliona mgongo wake tu. Kichwani mwangu nikasikia kwamba baba yangu ameachwa. Nikamrukia, nikamkamata koti, nikamzaba kofi. Miwani ikaanguka, kioo kimoja kikapasuka. Nesi akapiga yowe. Mlinzi alikuwa nje huko getini, anaelekeza magari. Dokta Neema akainama, akaokota miwani, akaivaa hivyo hivyo, akaenda kwa mtoto.

Baadaye alirudi kwa baba, shavu limevimba. Alimhudumia mpaka akapelekwa wodini, na hakunitupia hata jicho baya. Jamani, hilo liliniuma kuliko kama angenirudishia kofi. Nilijiona mbaya, na mimi nikijiona mbaya natafuta wa kumsukumia ubaya wangu. Ndiyo maana niliandika. Lile kofi nililiita "tukasukumana kidogo".

Kidogo!

Baba aliruhusiwa jana. Jioni mpwa wangu akamsomea andiko langu, akidhani mzee atafurahi kuona binti yake amemtetea. Baba akasikiliza mpaka mwisho.

"Manka," akaniita, "yule binti aliniamkia. Mimi nilikuwa naumwa kifua, sikuwa kiziwi."

Leo asubuhi nikamwona anatoka na panga kwenye mvua, mtu aliyeambiwa apumzike. Akaenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, akakata isale, akalipiga fundo, akaja kuliweka mezani kando ya chai yangu.

Kwa asiyejua, isale ni lile jani refu tunalopanda mipakani na makaburini. Ukimpelekea mtu uliyemkosea, kwetu Uchaggani hawezi kukataa kukusamehe.

Niseme ukweli wote: nilipoliona, nilifurahi. Nilikwishasikia kwamba Dokta Neema ametolewa emejensi kwa ajili ya andiko langu, amewekwa kliniki ya nje mpaka kamati ya hospitali ikae kesho, ajieleze. Nikajisemea, atapokea isale, andiko nitalifuta, mambo yataisha kimya kimya. Hofu yangu ilikuwa moja tu, kwamba huyu wa kuletwa hatajua jani lenyewe maana yake nini.

Nilimkuta mchana kwenye benchi nyuma ya kliniki, anakula ndizi. Miwani yake imeshikizwa kwa plasta nyeupe ya hospitali. Aliponiona alisimama haraka, akarudi nyuma hatua moja.

Ananiogopa. Mimi, mpika mtori, kuna mtu duniani ananiogopa.

Nikapiga magoti kwenye matope nikamnyooshea isale. Maneno yote niliyoyapanga njiani yakapotea. Nikasema tu, "Nisamehe, dokta."

Akalitazama kwa muda, kisha akalipokea kwa mikono miwili.

"Mimi wa Masama, dada, Uchaggani huku huku," akasema. "Hili halikataliwi. Nimekusamehe."

Nikaanza kulia kwa kushukuru. Akaniacha nilie, halafu akasema taratibu, "Lakini hili tumeliona mimi na wewe. Lile andiko lako amelisoma mama yangu. Alinipigia simu analia, ananiuliza kama kweli nilimtukana mzee wa watu."

Nilitaka kumwambia nitalifuta. Nikaona aibu. Kulifuta kungenisafisha mimi, si yeye. Nikamuuliza habari za yule mtoto, swali nililolikimbia tangu Jumapili. Akasema mtoto ametoka juzi, mzima. Nikamshukuru Mungu palepale kwa sauti, na bado moyo haujatulia.

Kwa hiyo lile andiko silifuti. Linabaki, na juu yake naweka hili. Nyie mliosambaza lile, sambazeni na hili, hata kama halina utamu. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwa kamati, niseme haya haya, hata wakiamua kuita polisi. Baba amesema naye anakuja, nimeshindwa kumzuia. Naogopa sana.

Limebaki jambo moja, na hili nililificha hata kwa baba. Nilipomkamata koti, kabla ya kofi, Dokta Neema alisema maneno, tena aliyarudia mara mbili. Hayakuwa yale niliyoyaandika. Alisema, "Dada, naomba unipishe, mtoto hapumui."

Sikumpisha.