Nyanya za Marehemu Mama Mkwe Zimezidiwa na Mbolea

Mpendwa mshauri, usinicheke nikikwambia kinachoninyima raha ni nyanya, maana si nyanya hivi hivi, alizipandikiza marehemu mama mkwe wangu nyuma ya nyumba siku chache kabla hajaugua, na tangu tumzike baba mkwe haongei na mtu, chakula anakigusagusa tu, ila kila asubuhi namsikia anaburuta ndala kwenda bustanini na kopo la mbolea ya dukani, anainama, anamwagia kila shina huku akiziambia, "Kuleni, mama yenu hataki kuona mmekonda," nami nasimama dirishani machozi yananitoka. Shida ni kwamba zimekuwa majani matupu, ua hata moja hakuna, na sasa kingo za majani zinakauka kama zimepitiwa na moto, naye akiona hivyo ndiyo kwanza anaongeza. Mume wangu, fundi wa magari, anasema, "Mwache mzee wangu, ndicho kinachomtoa kitandani." Juzi nikauficha mfuko wa mbolea nyuma ya cherehani yangu. Baba akautafuta uani kote, kisha akaketi juu ya ndoo akasema polepole, "Hata hili nimeshindwa kumfanyia." Nikaurudisha mbio. Nikisema ukweli nitamvunja moyo, nikinyamaza zitamfia mikononi. Nifanyeje?

Mkwe, fundi cherehani

Mwanangu, poleni sana na msiba. Sasa nikugombeze kidogo: mfuko unauficha wa nini? Huyo ni mtu mzima aliyefiwa, si mtoto anayeiba sukari. Nyanya hazina njaa, zimevimbiwa. Mbolea hiyo ikizidi, mmea unakazana na majani, unasahau kuzaa, na mizizi inaungua.

Acha kulia dirishani, toka nje. Kesho chuchumaa karibu naye umwambie, "Baba, umezilisha vizuri, zimeshiba. Sasa zina kiu." Mwagilieni maji mengi shinani yaizamishe ile mbolea, halafu uacheni udongo upumue kabla ya kurudia. Mbolea isiguswe mpaka mwone majani mapya mazima. Kazi bado anayo, tena ya kila asubuhi. Na mumeo abebe ndoo, asijifiche gereji; kafiwa na mama yake naye.

Huenda baadhi zikafa, sikudanganyi. Kwa hiyo msingoje matunda. Muulizeni mzee mama alikuwa akizipandaje. Akisimulia, msikilizeni. Akifika mahali sauti ikamkatika, msimmalizie. Kaeni hapo hapo naye mpaka sauti imrudie.