Habari Mbili, Pikipiki Moja

Ijumaa asubuhi. Upepo ya huku juu inataka kuninyang'anya simu.

Niko juu ya mlima nyuma ya boma ya mama yangu, ndani kabisa kutoka Buna, mahali pekee mtandao inashika. Nimekaa kwa jiwe kama nyani. Nyani wenyewe wako pale chini wananiangalia, wanashangaa huyu jamaa mgeni ametoka ukoo gani.

Hiyo ndiyo mzaha pekee niko nayo leo. Mlionizoea hapa mtandaoni kwa vituko vya abiria wa Garissa, mnisamehe.

Kaka yangu Adan amekufa.

Jumamosi alipanda lori ya mbuzi, lori ikapinduka. Tukamzika siku hiyo hiyo. Inna lillahi. Jumanne mke wake Halima akajifungua mvulana. Wazee wakakaa, wakasema mama yetu asiambiwe kifo kwa simu. Hata hiyo simu ni mpaka mtu apande huu mlima, na unajua mtu akishuka na habari mbaya anaanza kuigawa njiani kama pipi. Wakasema jambo kama hii inapelekwa na mdomo ya mtoto wake. Mtoto amebaki ni mimi.

Mimi! Steji yote ya pikipiki wananiita Kaftan, yaani mtu wa mzaha. Mimi nikikuambia nyumba yako inaungua, unacheka kwanza, halafu ndio unanusa moshi.

Basi nikabebeshwa habari mbili. Hooyo, yaani mama, umepata mjukuu. Hooyo, baba yake hayuko. Barabara yote nilikuwa na swali moja tu: nianze na gani?

Nilitoka Garissa Jumatano baada ya sala ya alfajiri, peke yangu. Abiria wa kawaida ananisumbua na maneno, mimi namsumbua mara mbili. Safari hii nilisikia injini tu. Sikujua pikipiki yangu ina kelele mbaya namna hiyo.

Kwa kizuizi cha polisi kabla ya Wajir kuna afande mmoja wa bara ananijua. Huwa namwambia picha kwa kitambulisho changu ilipigwa kabla njaa haijanipata.

"Kaftan! Leo hauna kelele. Umebeba nini?"

"Habari, afande. Moja mzuri, moja mbaya. Za mama yangu."

Akaniangalia vizuri, akanirudishia kitambulisho bila hata kuisoma. "Anza na mbaya," akasema. "Akishaanguka chini, hiyo ingine itamwinua."

Nikafika Wajir nikaona huyo afande ana akili. Halafu mama mmoja wa kibanda cha chai, vile nilimweleza, akapiga meza na kitambaa. "Abana! Afande wako anajua nini? Mzuri kwanza, walaal, ndugu yangu. Mtu apewe maziwa, halafu dawa chungu."

Nikalala Wajir na majibu mawili, yote ya watu ambao hawatakuwa hapo.

Jana ndio ikawa milima. Sisi wa Garissa tumezoea barabara ya kunyooka, ngamia unamwona leo unamfikia kesho. Baada ya Buna ile tambarare inachoka, inaanza kusimama. Njia inapanda kwa mawe, inashuka kwa laga, mto mkavu wa mchanga, inapanda tena. Mawe inazunguka chini ya gurudumu kama mayai. Unaweka gia ya kwanza, unaomba Mungu, unaachilia klachi polepole. Kushoto ni ukuta ya mlima, kulia hakuna kitu, ni hewa tu na tai anapita chini yako. Sijawahi kuona mgongo ya tai maisha yangu yote.

Kwa mpando ya mwisho nikaanguka. Pikipiki ikanilalia mguu, petroli ikaanza kunitiririkia kwa suruali. Nikalala hapo. Kusema ukweli, kuna dakika sikutaka kuinuka. Niliona nikibaki hapo, hooyo atabaki na watoto wawili hai siku moja zaidi.

Mchungaji mmoja wa ngamia akanitoa. Tukainua pikipiki pamoja, akaona niko sawa, akauliza vile kila mtu anauliza huku: watu wa huko ulikotoka ni salama?

Nikamjibu, "Nabad." Amani tu.

Ningesema nini? Huku ukimpa mchungaji habari, itafika boma kabla ya pikipiki. Nikapiga kiki haraka, asiniulize ingine.

Sasa honi yangu. Nilifunga honi ya lori, ile ya kuimba, maana watoto wa boma ya mama wanaipenda. Nikija huwa napiga kutoka chini kwa laga. Jana nikafikiria nizime injini, nisukume mpaka mlangoni. Nikaogopa. Kimya ingemwambia kabla yangu.

Nikapiga honi kama kawaida.

Hapo ndipo nilikosea.

Walikuwa wanangojea habari ya Halima kujifungua. Kusikia honi tu, wanawake wakaanza vigelegele. Nikatokea juu ya mpando, nikaona mama yangu anakuja mbio, mtu wa magoti mbovu, anakuja mbio, na mkononi anavuta mbuzi.

Kwetu anayeleta habari ya furaha anapewa zawadi, tunaita bishaaro. Hooyo alikuwa amechagua huyu mbuzi zamani, jike mweupe wote, akasema ni wa yule ataleta habari ya mjukuu wa kwanza.

"Kijana au msichana?"

"Kijana, hooyo."

Kamba ya mbuzi ikawekwa mkononi mwangu hata sijashuka kwa pikipiki. Jirani mmoja akapiga kelele, "Ni Kaftan! Hata kama ni uongo, leo tunakula!" Wakacheka wote. Nikacheka na mimi. Mdomo ilicheka peke yake, kama injini inazunguka na gari haiendi.

Wakanikalisha chini. Maziwa ikaletwa. Hooyo akakaa mbele yangu, ananifuta vumbi kwa uso na shuka yake, anauliza maswali hata hangojei jibu. Mtoto ni mkubwa? Analia kwa nguvu? Pua ni ya nani?

"Ya Adan," nikasema.

"Mashallah. Na amepewa jina gani?"

Maneno yote nilipanga, ya afande, ya mama wa chai, ya wazee, yote ikanitoka. Ikabaki ukweli tu, na ilikuwa fupi.

"Adan."

Huku kwetu jina ya mtoto inafuatwa na jina ya baba. Adan wa Adan, hakuna mtu anaita hivyo baba akiwa anatembea. Mtoto anapewa jina ya baba yake kama baba hakumngojea.

Hooyo akacheka. Akanipiga bega. "Wewe, hii si siku ya kaftan. Sema jina ya mtoto."

Wale wengine wakacheka pia. Mimi nilikuwa nimeshika kamba ya mbuzi.

"Adan, hooyo. Anaitwa Adan Adan."

Vicheko vikakatika moja moja. Ya jirani ilikuwa ya mwisho.

Hooyo hakupiga kelele. Aliendelea kunifuta uso, mahali hapo hapo, mpaka ikaanza kuuma. Halafu akauliza, "Mlimzika kabla jua kuzama?"

"Ndiyo, hooyo. Mimi mwenyewe nilishuka kaburini."

"Uso wake ilikuwa aje?"

"Mzuri," nikasema. "Kama amelala."

Mama yangu hasomi, basi nitaiandika hapa: sikuona huo uso. Wazee walikataa nifunue sanda. Nimebeba habari mbili za kweli milima hii yote, na uongo moja nikaitengeneza hapo hapo, na hiyo pekee ndiyo alipokea bila kuuliza tena.

Nilijaribu kumrudishia mbuzi. Akakataa. "Bishaaro hairudishwi. Mtoto si amezaliwa?"

Leo asubuhi nimemkuta tayari amefunga nguo zake kwa leso. Halima yuko ndani ya arobaini ya uzazi, hawezi kuja huku, kwa hivyo hooyo ndiye ataenda Garissa. Mpaka Buna kwa pikipiki, halafu apande basi. Huyu ni mtu nimembembeleza miaka nyingi apande hii pikipiki hata kuzunguka boma tu, akasema chuma bila miguu minne hakalii.

Tunashuka nikimaliza hapa. Mteremko ni mbaya kuliko mpando, na nitakuwa nimempa mgongo njia yote. Nitajuaje akilia?

Labda ndio maana amekubali kupanda. Yeye asinione, na mimi nisimwone.

Honi nimeikata waya.