Mashine ya Kutia Unyevu, Pemba, Masika

Jumapili, baada ya Alasiri. Mvua tangu alfajiri, na ndani kumelowa kuliko nje.

Nimekasirika, na leo sitajifanya sijakasirika. Asubuhi nzima nilikuwa juu ya stuli chumbani kwa mama, nafuta koga ukutani kwa siki na kitambaa, goti linaniuma. Ukuta huo huo niliufuta wiki iliyopita. Koga ilianzia pembeni mwa dirisha, sasa imeshuka mpaka nyuma ya kasha. Nilipolifungua kasha, kanga zake za akiba, zile anazozifukiza udi, zina madoa ya kijani. Hata mswala unanuka uvundo.

Na humu ndani tuna mashine ya kuongeza unyevu.

Pemba. Masika. Mashine ya kuongeza unyevu. Naiandika mara ya pili labda nitaiamini.

Mtu asiyetujua atadhani tumerukwa na akili, basi nieleze. Mdogo wangu Khamis yuko Kanada, na kazi yake ni kufunga mitambo ya kupasha nyumba joto. Baridi ya kule si mchezo. Nyumba zinapashwa moto msimu mzima, na joto lile linakausha hewa mpaka midomo inapasuka. Kwa hiyo wanaunganisha kwenye mtambo kisanduku kinachotiririsha maji juu ya sponji. Hewa ya moto ikipita hapo inabeba unyevu na kuugawa kila chumba. Mama alikwenda kumtembelea akaangukia wakati wa theluji. Ngozi ikamkauka, pua ikamtoka damu, usingizi hapati. Khamis akakirekebisha kile kisanduku chake, na mama akaamka anapumua. Alimwombea dua mpaka mwanawe akalia. Aliporudi, kila aliyekuja kumpa pole ya safari alisimuliwa mashine kwanza, theluji baadaye.

Sasa mtoto aliyeombewa dua namna ile atafanya nini? Alipojenga nyumba hii ya Madungu mjini, amtoe mama kwenye nyumba yetu ya kijijini Ole, alileta mtambo mzima kwenye kontena. Una sehemu ya kupoza, sehemu ya kupasha, mabomba ya hewa yamepita juu ya dari, na kisanduku kile kile. Madirisha akayataka ya vioo, yabane sawasawa. Fundi alifunga huku, yeye akimwelekeza kwa video kutoka huko. Nilimwambia siku ile ile kwamba sisi huku maji tunayo hewani tayari, hatuhitaji ya kuongezewa. Akasema kiyoyozi kinakausha hewa, mama kifua kitamuuma, na kwamba yeye ndiye fundi.

Kweli, yeye ndiye fundi. Mimi nafundisha darasa la tatu.

Asichokijua fundi ni kwamba mama hapendi baridi ya kiyoyozi. Anasema inamwingia mifupani. Kwa hiyo kupoza tumezima, feni tu ndiyo inayozunguka, inapuliza maji nyumba nzima na madirisha yamefungwa. Hakuna kinachokausha, kuna kinacholowesha. Hilo halihitaji cheti.

Na mtunzaji wa dubwana hili ni nani? Mimi. Maji yetu yana chokaa, sponji ikikaa kidogo inakuwa ngumu kama jiwe, basi naichomoa, nairoweka kwenye siki, naisugua kwa mswaki. Trei ya chini inafanya utelezi, naisafisha. Mpira wa kutolea maji uliwahi kuziba, yakafurika juu ya dari, na doa lile mpaka leo liko sebuleni limetukodolea macho. Kila Jumapili Khamis anataka picha: picha ya kipimo cha unyevu, picha ya sponji, picha ya taa ya kijani. Nikichelewa, ananipigia. Hajawahi kuniuliza kama mkono wangu unawasha kwa siki.

Haya, nimesema. Nina wivu, na najua nina wivu.

Lakini si wivu ulioniamsha leo. Mama alikohoa usiku kucha. Kikohozi chake kimeanza zamani kidogo, na kila mvua zikizidi nacho kinazidi. Juzi nilimpeleka spitali. Daktari, binti mpole, akamuuliza kama chumbani anamolala mna koga. Mama akajibu upesi, hakuna, nyumba mpya kajenga mwanangu. Nami nilikuwa nimesimama pale pale, mimi mwenye ulimi ambao skuli nzima inauogopa, nikanyamaza. Ningemsuta mama yangu mbele ya mtu? Tukapewa dawa, tukarudi nayo kwenye koga yetu.

Mama mwenyewe anajua. Mchana kutwa yuko barzani, na huko hakohoi sana. Ila simu ya video ikilia, ananyanyuka, anatengeneza ushungi, anaingia sebuleni na kuketi chini ya tundu la hewa ili Khamis aone. Anamwambia alhamdulillah, napumua. Anakizuia kikohozi mpaka macho yanamtoka machozi. Mimi ndiye mshika simu. Nashika, naangalia, nachemka.

Leo nilipomaliza ukuta nilikwenda stoo iliko mashine, nikafunga mfereji unaoitilia maji, nikazima feni, nikazunguka nyumba nzima nafungua madirisha. Mvua ikaingia kidogo, na iingie. Nilikuwa bado nakisukuma kioo cha mwisho, cha chumbani kwake, mama alipotokea mlangoni. Akanitazama, akauliza mashine imeharibika? Nikasema haijaharibika, nimeizima, na haitawaka tena.

Nilitegemea ugomvi. Nilikuwa nimeshajiandaa na maneno yangu, koga, daktari, kanga, yote yako tayari mdomoni. Mama hakugomba. Alikaa kitandani, akaupapasa mswala wake uliolowa.

"Usimwambie," akasema. "Mwanangu, yule huko aliko hana kingine cha kunifanyia."



Niliumia, wallahi. Niliumia kwa ajili yake, na niliumia kwa ajili yangu. Mimi ninayemchemshia maji ya kuoga, ninayemkanda miguu, hata siku moja sijasimuliwa kwa mgeni. Lakini nilielewa. Mzazi akibaki na mtoto mmoja ndani na mmoja ng'ambo, wa ng'ambo anakuwa kidonda, na kidonda kinabembelezwa. Nikamwambia sawa, sitasema. Nilikusudia hivyo kweli.

Halafu Khamis akapiga. Kwake ndiyo kwanza asubuhi, yuko jikoni na kikombe chake. Mama alikuwa barzani, na simu nilikuwa nayo mimi huku stoo. Salamu, mama hajambo, watoto hawajambo, kisha nionyeshe kipimo. Nikajiambia, Bikombo, fungua mfereji, washa, mwonyeshe, zima. Ni dakika moja tu. Uongo mdogo wa kumstahi mama.

Mkono wangu ulikuwa umeshaushika mfereji mama alipokohoa kule nje. Kikohozi kirefu, kile cha kukatika pumzi.

Nikamwambia nimeizima, inamuumiza.

Alianza kifundi, kama kawaida yake. Kipimo nimeweka namba ngapi? Sponji nimebadilisha lini? Mpira haujaziba? Nikamjibu kila swali, halafu nikaenda na simu mpaka chumbani nikamwonyesha ukuta. Alama za nilipofuta bado zinaonekana, na nyuma ya kasha sijafika. Nikamwonyesha kanga moja moja. Akaniuliza mbona kila akimpigia mama anasema anapumua. Nikamweleza: anaingia ndani kwa ajili yako, ukikata simu anatoka.

Akakiweka kikombe chini. Nimemlea mtoto huyu, najua uso wake ukitaka kulia unakuwaje.

"Sasa mimi nimtumie nini, dada?"

"Usitume kitu. Njoo."

Sikulifikiria neno hilo. Lilitoka lenyewe, tena kwa ukali, kama ninavyomwita mwanafunzi mtoro. Akaanza: kazi, msimu, tikiti, watoto wana skuli. Sikumsaidia kuimaliza sentensi hata moja. Miaka yote nimekuwa nikimsaidia. Najibu mimi, "Najua una kazi, mama anaelewa." Leo nilinyamaza, nikamwacha asikie mwenyewe anavyosema. Mwisho akasema in shaa Allah, na simu ikakatika. Kama aliikata yeye au mtandao, siwezi kuapa.

Nilipogeuka, mama yuko mlangoni. Sijui alisimama hapo tangu lini. Nikajua sasa nitayasikia, kwa sababu nimevunja ahadi kabla Alasiri haijaingia. Na kweli uso wake ulikuwa wa hasira. Alipita bila kunitazama, akaanza kuzikunjua kanga zake zile na kuzitandika kitandani, moja baada ya nyengine, anazipigapiga kwa nguvu. Nikajitia kumsaidia, akanipokonya.

Mvua ikawa inapiga bati.

Halafu, bila kuinua kichwa, akauliza, "Umemwambia aje?"

Nikasema ndiyo.

"Kasemaje?"

Yarabi. Nimeishi na mama yangu umri wote huu na sauti ile sijawahi kuisikia. Mwanamke aliyesema mbele ya daktari kwamba hakuna koga, aliyekaa kwenye unyevu akitabasamu kwa ajili ya simu, kumbe alichokuwa akikitaka ni hicho tu, na hakuthubutu kukiomba.

Nikamwambia kasema in shaa Allah.

Akauliza kaisema vipi. Nikataka kumdanganya, nikashindwa. Nikasema sijui, mama. Akatikisa kichwa polepole, akaendelea na kanga zake.

Naandika haya yeye yuko barzani, kajifunika shali, na bado sijui. In shaa Allah ya mtu anayekuja na ya mtu asiyekuja, kwenye simu zinasikika sawasawa.

Kesho napiga mimi. Sitamuuliza hali, wala baridi, wala watoto. Nitamuuliza siku gani.